Rangi ya Nembo ya Programu Huria: Mwongozo Kamili kwa Waliokwisha Kubadilisha Mara Tatu

Vijana wanaoniletea nembo za programu zao hapa Mwanza karibu wote hukwama mahali pamoja. Umbo ni zuri, jina limekaa vizuri, na rangi imechaguliwa saa sita usiku kwenye kompyuta iliyowashwa mwanga wote. Asubuhi nembo inawekwa kwenye ukurasa wenye usuli mweusi, inapotea. Inapelekwa kwa fundi wa fulana, inarudi na rangi nyingine. Halafu mtu mmoja kwenye kundi anauliza, "Samahani, hii ni ya chama?" Kesho yake rangi inabadilishwa na safari inaanza upya.

Hapa tutaanzia upande wa pili. Badala ya kuuliza rangi gani inapendeza, tutatafuta mahali pabaya kuliko pote ambapo nembo itaonekana, kisha tuone rangi zipi zinatoka huko zikiwa hai. Kupendeza kutajadiliwa mwishoni, kati ya zilizobaki.

Mfano wetu utakuwa programu huria ndogo, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, ya kuandika hesabu za mizani ya dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kama yako ni ya shule, zahanati au vikoba, badilisha mazingira tu. Hatua ni zilezile.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujagusa rangi

- Inkscape, ya kuchorea nembo. Ni ya bure, na yenyewe ni programu huria.
- Nembo yako katika faili la SVG, yaani mchoro unaokuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Picha ya JPEG iliyopitia WhatsApp haifai: imebanwa, na kingo zake zimejaa pikseli za rangi ambazo hukuzichagua.
- Kivinjari cha Firefox kwenye kompyuta. Zana zake tutazifungua kwa kitufe cha F12.
- Kikokotoo cha kontrasti, yaani tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili. Cha WebAIM kipo mtandaoni bure.
- Simu mbili, moja iwe ya bei ya chini. Ikiwa kioo chake kimechoka, bora zaidi.
- Pesa ya kutoa kurasa mbili kwenye printa ya nyeusi na nyeupe.
- Faili tupu kwenye repo yako (hifadhi ya mtandaoni ya msimbo wa programu), uliite RANGI.md. Kila uamuzi utaandikwa humo.
- Majina ya watu wasiozidi watatu wenye kauli ya mwisho. Yaandike sasa. Ukisubiri hadi ugomvi uanze, kila mtu atakuwa mwenye kauli.

## Hatua ya 1: Orodhesha nembo itakaa wapi

Andika mahali pote. Kwa programu yetu ya dagaa: kichupo cha kivinjari, ambako ikoni ni pikseli 16 kwa 16, ikoni ya simu, ukurasa wa repo, wenye hali ya mwanga na hali ya giza, stika kwenye mizani, fulana, na risiti inayotoka kwenye printa isiyojua rangi hata moja.

Sasa zungushia duara pale pabaya kuliko pote. Kwetu ni simu ya karani wa Mwaloni wa Kirumba, saa saba mchana, jua liko utosini na kidole kina magamba. Nembo ikionekana pale, itaonekana ofisini pia, kwenye kiyoyozi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mistari mitano au zaidi na duara moja. Ukipata miwili tu, hujafikiria vya kutosha.

## Hatua ya 2: Ifanye nyeusi yote

Fungua faili, chagua kila kitu, jaza nyeusi. Kisha ipunguze hadi pikseli 16.

Sababu ni kwamba rangi hufunika ubovu wa umbo. Mtumbwi, wimbi na jua vinaweza kutenganishwa na rangi tatu vikiwa vikubwa. Vikiwa vidogo na vyeusi vinageuka doa la wino. Kama umbo halisomeki hivyo, rudi kwenye umbo. Hakuna rangi itakayoliokoa, na wiki nzima utakuwa unalaumu bluu kwa kosa la mtumbwi.

Ukimwonyesha mtu asiyeijua programu ile ikoni nyeusi ndogo, akakuambia ni kitu gani, au angalau akaichora tena kwa kidole mezani, endelea. Lihifadhi faili hilo, kwa sababu ndilo litakaloenda kwenye risiti.

## Hatua ya 3: Ondoa rangi zenye wenyewe

Hapa ndipo miongozo ya watu wa mbali haitusaidii. Wao watakuambia kijani ni mazingira na njano ni furaha. Kaa kituo cha daladala cha Buzuruga umevaa kijani na njano, uone kama kuna atakayekuuliza habari za mazingira.

Tanzania, kijani na njano pamoja ni CCM, na ni Yanga. Nyekundu na nyeupe pamoja ni Simba. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Nyekundu peke yake, kwenye ikoni ya simu, inakaa jirani na Vodacom na Airtel.

Na ziwa letu lina nchi tatu. Programu ya mwaloni ikivuka kwenda Kisumu, rangi ya machungwa huko ina chama chake, ODM, ambacho alama yake ni chungwa lenyewe. Kijani ni kampuni ya simu ya Safaricom. Ikifika upande wa Uganda, njano ni chama cha NRM, na ni kampuni ya simu ya MTN pia. Programu huria haina mpaka, inapakuliwa popote, kwa hiyo fanya hesabu ya pwani nzima.

Sisemi rangi hizi zimekatazwa. Ukifuta kila rangi yenye mwenyewe utabaki na kijivu. Ninachokuomba ni mambo mawili: usitumie jozi ileile ya rangi, na usitumie rangi moja yenye mwenyewe pamoja na umbo linalokaribiana na lake. Kijani na nyeupe hakumshtui mtu. Kijani na njano utaeleza mpaka uchoke.

Halafu angalia majirani wa kazi. Bluu imejaa kwenye programu huria: PostgreSQL, Docker, Kubernetes, WordPress, TypeScript, Go. Kijani wako Node.js, Vue na LibreOffice. Ubuntu na VLC wamekaa kwenye machungwa, na Git ni nyekundu iliyoelekea machungwa. Kama programu yako itaorodheshwa pembeni ya mojawapo, mfano inahifadhi data kwenye PostgreSQL na ukurasa wa kwanza unaonyesha nembo zote mbili, bluu juu ya bluu itakuchanganyia watu.

Kuna jambo moja la mahali ambalo sikulitegemea. Kijana mmoja alichagua zambarau nyepesi kwa sababu ya uzuri wa ua la gugu maji, na kweli ni ua zuri. Wavuvi aliowaonyesha wakamtazama tu. Gugu lile linaziba njia ya mitumbwi na kunasa nyavu. Kuwapa programu yenye rangi yake ni kama kumpa mkulima wa pamba nembo ya funza.

Mwisho wa hatua hii, RANGI.md iwe na orodha ya rangi zilizotolewa, kila moja na sababu ya mstari mmoja. Orodha hiyo itakuokoa kwenye Hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Chagua tatu, uzipe namba

Tatu tu. Moja si uchaguzi, na kumi ni sherehe.

Zichukue mahali unapopajua: maji ya ziwa asubuhi ukiyaangalia kutoka Capri Point, mawe ya Bismarck yakiwa yamelowa, jua linapozama. Kisha, na hapa wengi huteleza, acha majina na uandike namba. Majina ya rangi zetu mengi yametoka kwenye vitu: kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, machungwa ni tunda, kijani ni majani. Ni majina mazuri ya kuzungumzia, lakini kila mtu ana jivu lake. Nikisema "bluu ya ziwa", wewe unaweza kuona ziwa la Januari na mimi nikaona la Julai.

Namba ya rangi huandikwa kama #0077B6. Herufi mbili za kwanza ni kiasi cha nyekundu, mbili za kati ni kijani, mbili za mwisho ni bluu, kila jozi ikiwa na ngazi 256. Inkscape inakuonyesha namba hiyo kwenye dirisha la kujaza rangi.

Kwa programu ya dagaa nimechukua hizi:

- Bluu ya ziwa, #0077B6
- Machungwa ya jua linalozama, #F77F00
- Bluu ya usiku, #03045E

Usizipende bado.

## Hatua ya 5: Pima kwenye nyeupe na kwenye nyeusi

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Kontrasti ni tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili, na hupimwa kwa uwiano unaoanzia 1 hadi 21. Moja ni rangi juu ya yenyewe. Ishirini na moja ni nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, toleo la 2.1 la mwaka 2018, unataka angalau 3 kwa michoro yenye maana na 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Mwongozo huohuo unazisamehe nembo. Wewe usijisamehe, karani wa Kirumba hajui kama umesamehewa.

Ingiza rangi yako kwenye kikokotoo mara mbili, kwanza juu ya nyeupe (#FFFFFF), kisha juu ya nyeusi (#000000). Nilipata hivi:

- #0077B6: nyeupe 4.87, nyeusi 4.31
- #F77F00: nyeupe 2.63, nyeusi 7.99
- #03045E: nyeupe 17.75, nyeusi 1.18

Zidisha namba mbili za kila mstari. Kila mara unapata 21, au karibu sana kwa sababu ya desimali. Si bahati, ndivyo kanuni yenyewe ilivyoundwa: unachokipata kwenye nyeupe unakilipa kwenye nyeusi. Kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Rangi inayotaka kuishi pande zote mbili kwa angalau 3 lazima iwe kati ya 3 na 7 juu ya nyeupe.

Kuna kasoro ndogo. Hali ya giza kwenye tovuti na simu nyingi si nyeusi kabisa, ni kijivu kizito kama #121212, na hapo unapoteza karibu asilimia 10 ya kontrasti. Acha nafasi: lenga kati ya 3.5 na 6 juu ya nyeupe.

Sasa soma tena orodha. Bluu ya usiku ni tajiri kwenye nyeupe na imekufa kwenye nyeusi. Hii ndiyo rangi ya nembo nyingi ninazoletewa, kwa sababu waliichagua kwenye usuli mweupe na ikaonekana ya heshima. Machungwa ni kinyume chake. Bluu ya ziwa imekaa katikati, imetulia.

Machungwa hayajafa lakini. Kwenye Inkscape chagua vitelezi vya HSL (aina ya rangi, ukolevu na mwangaza) na ushushe mwangaza, huku ukiiacha aina ya rangi ilipo au karibu na hapo. Nilipofika #D95F02 ilisoma 3.76 juu ya nyeupe na 5.59 juu ya nyeusi. Bado ni machungwa, ila ya jua lililogusa maji tayari.

Njano utahangaika nayo. Jicho halizipi rangi tatu za skrini uzito sawa: katika kanuni ya mwangaza, kijani inabeba karibu asilimia 72, nyekundu 21, bluu 7. Njano ya skrini ni nyekundu na kijani pamoja, yaani asilimia 93 ya mwangaza wote, ndiyo maana #FFFF00 juu ya nyeupe inapata 1.07. Ukiishusha hadi ipite, inakuwa rangi ya haradali iliyooza. Kama lazima iwe njano, ifungie ndani ya umbo jeusi, duara au mraba, ili itembee na usuli wake yenyewe. Kwenye ukurasa mweusi umbo litamezwa, njano itabaki.

Tahadhari kwa wenye rangi mbili: zipime moja juu ya nyingine pia. Nyekundu #D62828 na kijani #2A7F3E, kwa macho ya wengi, ni mbali kama Simba na Yanga. Uwiano wao ni 1.0. Zikigusana ndani ya nembo, kwenye fotokopi zinakuwa kijivu kilekile.

Umefaulu ukiwa na rangi mbili au tatu zenye namba ndani ya 3.5 na 6, zimeandikwa. Zikibaki sifuri, rudi Hatua ya 4 na uanze na rangi za katikati: si nzito kama usiku, si nyepesi kama maziwa.

## Hatua ya 6: Jua, macho na karatasi

Jua. Weka nembo kwenye simu ya bei ya chini, toka nje saa sita au saba mchana, mwangaza wa kioo uwe nusu. Mpe mtu mwingine aisome, wewe unaijua tayari. Sekunde tatu zatosha. Akianza kuziba jua kwa kiganja, imeshindwa.

Macho. Kuna watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Wengi wao ni wanaume, kwa sababu hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na wapo ambao hawajui kama wanayo. Weka nembo kwenye ukurasa wa wavuti, ufungue Firefox, bonyeza F12, nenda sehemu ya ufikivu, na utakuta uigaji wa aina mbalimbali za macho hayo. Pitia zote. Rangi itabadilika, hilo halina neno. Unachotafuta ni kama umbo bado linasomeka.

Karatasi. Chapa kwa nyeusi na nyeupe, kisha piga fotokopi ya hiyo kopi. Ndivyo fomu za mwaloni zinavyofika ofisini.

Kitambaa. Skrini hutoa mwanga, wino hauna mwanga wa kutoa. Bluu na kijani kali za skrini hazimo kwenye uwezo wa wino wa kawaida, zitatoka zimefifia. Tena fundi anayechapa kwa fremu hutengeneza fremu moja kwa kila rangi, kwa hiyo kila rangi unayoongeza ina bei. Mimi niliwahi kulipia fulana 24 nyeusi zenye nembo ya bluu ya usiku. Kwenye skrini, ukikodoa macho, ilionekana. Kwenye kitambaa ilibidi mvaaji ajigeuze kuelekea dirishani ili wageni waamini kuna kitu kifuani. Fundi hakuwa na kosa, alichapa nilichompa.

Rangi iliyopita majaribio yote manne ndiyo inaingia kwenye mjadala. Kwangu, bluu ya ziwa na machungwa #D95F02 zilipita. Machungwa ilisomeka haraka zaidi juani, lakini nilikumbuka Kisumu.

## Hatua ya 7: Waulize wachangiaji, usiwaachie

Ukituma mabadiliko ya mistari 400 ya msimbo, utajibiwa na mtu mmoja, siku ya nne. Ukituma rangi, utajibiwa na kundi zima kabla chai haijapoa. Kila mtu ana macho, basi kila mtu ana hoja.

Fanya hivi. Tuma rangi zilizopita tu, pamoja na RANGI.md yenye vipimo na zilizotolewa. Weka siku saba. Eleza tangu mwanzo kwamba pingamizi linalopokelewa ni lile linalotaja mahali: "kwenye simu yangu, hali ya giza, siioni," na picha. "Siipendi" isomwe kwa heshima na ipite. Rangi mpya inayopendekezwa katikati ya wiki ipitie Hatua ya 3 hadi ya 6, na mpendekezaji ndiye anayeipima. Wengi wakisikia hivyo huona za awali zinatosha.

Usipige kura kwa vidole gumba. Kwenye kura hushinda mwenye marafiki wengi, na wale wa Ukerewe ambao bando limekwisha wiki hiyo hawahesabiwi. Siku ya saba, wale watatu ulioandika mwanzoni wanaamua na kuandika sababu katika sentensi mbili au tatu.

Mjadala ukirudi mwezi ujao, na utarudi, mpe mtu kiungo cha faili badala ya kubishana upya.

## Hatua ya 8: Fungia kwenye repo

Weka mafaili haya kwenye folda moja: SVG ya rangi, SVG nyeusi yote, SVG nyeupe yote, PNG ya pikseli 512, na PNG za 32 na 16. Zile ndogo zitengeneze kutoka kwenye SVG na uziangalie kwa jicho, maana kupunguza kwa mashine hukoroga kingo.

Kwenye RANGI.md andika namba ya rangi, uwiano wake juu ya nyeupe na nyeusi, tarehe, na wakati wa kutumia toleo la rangi moja.

Andika pia leseni ya nembo peke yake. Wengi hudhani leseni ya MIT au GPL ya msimbo imemaliza kila kitu, kisha mtu anatoa programu yake ya kulipia akiwa amevaa nembo yenu. Unaweza kuyaachia mafaili ya nembo kwa leseni ya CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuyatumia mradi awataje, na bado ukaandika kando masharti ya kutumia jina. Debian wana nembo mbili, moja ya matumizi huria kwa kila mtu na nyingine yenye masharti. Ninyi wa watu watano, aya moja iliyo wazi inatosha.

Kisha mjaribu mgeni: mwambie atengeneze stika kwa kutumia folda hiyo tu, bila kukuuliza swali. Akikupigia simu, kuna kitu hukuandika.

Na kabla ya kuagiza fulana za kundi zima, lipia moja. Ivae, ifue, ianike juani siku nzima, uilinganishe na skrini. Ndipo urudi kwa fundi na zilizobaki.